Farasi 300, Usukani Bubu

Niwaulize kitu, wasee. Zile video za gari kali mnazotazama kila siku huwa zinaonyesha nini? Ekzosi inapasua masikio. Sindano ya spidi inapanda. Skrini kubwa kwa dashibodi kama televisheni ya sebuleni. Halafu maandishi makubwa: farasi 300, farasi 400, turbo mpya. Mpaka leo sijaona mtu ameelekeza simu kwa mikono ya dereva akasema, hebu cheki vile hii gari inamwambia kila kitu kuhusu barabara.

Na hapo ndipo kuna shida. Msimamo wangu ni huu: gari za spoti za miaka hii zimeongezewa nguvu, zikapunguziwa mdomo. Zinakimbia kuliko zile za zamani, zinashika lami kuliko zile za zamani, lakini haziongei na mikono yako. Kwa mtu wa Ulaya anayezunguka kwa lami safi Jumapili asubuhi, hapo ni raha imepungua. Kwa sisi wa Kisumu ni taarifa imepungua, na hiyo taarifa ndiyo hukuambia upunguze mwendo kabla mambo hayajaharibika.

Kabla mtu aulize mimi ni nani wa kuongea hivi: sina cheti. Chuo niliacha mwaka wa pili na sababu zake si za leo. Lakini nimeshinda kwa gereji nyingi za huu mji nikirekodi mafundi wakifungua raki, pampu na shoki, na fizikia nimeielewa hapo kwa grisi kuliko vile niliwahi kuielewa kwa ubao. Kwa hivyo twende polepole, hata kama wewe hujawahi kushika usukani.

Anza na baiskeli

Umewahi kuendesha baiskeli. Unakumbuka siku ulitoka kwa lami ukaingia mchangani? Kabla gurudumu la mbele liteleze, mikono yako ilishajua. Hendeli ilikuwa nyepesi ghafla, kama inaelea. Hakuna mtu alikufundisha maana yake. Ulipunguza mwendo mwenyewe, ukanyoosha, ukabaki juu ya baiskeli.

Gari hufanya kitu hichohicho. Kila tairi inagusa lami kwa kipande kidogo tu, karibu na ukubwa wa kiganja chako. Ukikata kona, mpira wa hicho kipande unajipinda, na mpira ukipindwa unataka kujinyoosha. Huko kutaka kujinyoosha ndiko kunavuta usukani urudi katikati, na ndiyo maana ukiwa kwa kona unaskia uzito fulani mikononi. Sasa zidisha kidogo. Sehemu ya nyuma ya kile kiganja inaanza kuteleza ya kwanza, wakati ile ya mbele bado imeshika. Ule uzito mikononi unaanza kupungua. Hapa sikiza vizuri: unaanza kupungua kabla tairi yote haijaachia. Yaani usukani mzuri hukupa onyo mapema, wakati gari bado ni yako.

Enda Dunga umuulize mvuvi yeyote anayevua kwa mshipi. Ameketi kwa mashua usiku, haoni kitu chini ya maji, ameshika mshipi kwa vidole viwili. Atakuambia hii ni mbuta, hii ni magugu, hii ndoano imekwama kwa jiwe. Mshipi wenyewe haufikirii chochote, unapitisha tu kile kiko upande wa pili. Sasa mvalishe huyo jaduong' glavu nene za kulehemu, umwambie avue. Nguvu ya mkono wake iko palepale. Lakini anavuta kipofu.

Hizo glavu ndizo tumevalishwa.

Usukani wa mafuta na usukani wa stima

Kwa gereji watu husema pawa ya mafuta na pawa ya stima. Tofauti yake si ngumu.

Ya mafuta ina pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Ukikata usukani, kuna chuma chembamba kinajipinda kidogo, kinafungua valvu, na mafuta yenye presha yanasukuma raki upande unaotaka. Mikono yako imeunganishwa na tairi kwa chuma, na mafuta yanakusaidia tu kusukuma. Kinachotokea chini kinapanda kurudi kwako kwa njia ileile. Hakifiki chote, juu mafuta pia hutuliza mitetemo, lakini kinafika.

Ya stima haina pampu. Bado kuna kile chuma kinachojipinda, lakini sasa sensa inapima kimejipinda kiasi gani, kompyuta inapiga hesabu, halafu mota inasukuma. Kwa gari ndogo kama Vitz hiyo mota hukaa juu, karibu na dashibodi, mbali na magurudumu. Kwa gari nyingi za spoti imeshushwa ikawekwa kwa raki yenyewe, na hiyo ni afadhali. Lakini mota ina uzito wake, ina gia zake, ina msuguano wake, na juu ya hayo yote kuna programu. Kila kinachotoka kwa tairi lazima kipite hapo kwanza. Na hiyo programu imeandikwa na mtu aliyeambiwa mteja hapendi mitetemo.

Sasa tuwe wakweli, stima haikuletwa kutuharibia siku. Pampu ya mafuta hula nguvu ya injini saa zote, hata ukiwa umenyoosha barabara ya Ahero bila kona. Mota hula wakati inahitajika tu, kwa hivyo petroli inapungua. Hakuna mafuta ya kuvuja, hakuna pampu ya kulia asubuhi kama mbuzi amefungwa. Na bila mota hakuna gari ya kujipaki wala kukurudisha kwa laini yako ukianza kusinzia. Mama anayezungusha Vitz kwa parking iliyobana pale Oginga Odinga Street, mkono mmoja kwa usukani na mwingine kwa mkoba, hana haja na makala yangu. Usukani wake ni mwepesi na hivyo ndivyo anautaka. Sina ubishi na yeye.

Ubishi wangu ni na gari inayojiita ya spoti. Hiyo imeuzwa ikisemekana ni ya mtu anayependa kuendesha. Halafu unaishika, unaingia kona, na mikononi ni kama unageuza kifuniko cha chupa ya soda.

Ndugu wawili, mwili mmoja

Mfano ambao Wakenya wataelewa haraka ni Subaru, juu hapa Subaru ni karibu dini. Mwaka 2014 Japani walitoa WRX mbili zenye mwili mmoja. Moja ni S4, yenye farasi 300, gia ya CVT na usukani wa stima. Nyingine ni STI, yenye farasi 308, gia ya mkono na usukani wa mafuta. Kwa karatasi zinakaribiana, farasi nane tu. Ukizipaki kando kando, watoto wa mtaa watapiga picha zote mbili bila kujua ni gani ni gani. Lakini kampuni yenyewe, wakati karibu kila mtu alikuwa amehamia stima, iliamua ile gari yake kali zaidi ibaki na mafuta, na ikabaki hivyo mpaka Japani ilipoacha kuuzwa mwisho wa 2019. Mtu hang'ang'anii teknolojia ya kizamani kwa gari yake bora bila sababu.

Hata Porsche walipitia hii maneno. 911 ya kizazi cha 991, iliyotoka 2011, ndiyo 911 ya kwanza kuwa na usukani wa stima. Gari ilikuwa kali kila mahali, lakini watu walilalamika usukani umepoteza ile sauti ya zamani. Hiyo ni kampuni ambayo wateja wake wana pesa ya kununua chochote, na kitu walichokosa ndicho pesa yao haikuwa imeulizwa kama wanakitaka.

Lakini msinielewe vibaya nikisema mafuta mazuri, stima mbaya. Mazda RX-8, iliyotoka 2003, ina usukani wa stima, na mpaka leo ni kati ya zile zinazosifiwa kwa vile zinaongea na dereva. Kwa hivyo inawezekana. Shida iko kwa kile kampuni huulizwa na wateja. Sisi tukiuliza farasi ngapi na skrini inchi ngapi, watatupa farasi na skrini. Hakuna anayeweka pesa kwa kitu ambacho hakuna mtu huuliza.

Uzito si hisia

Kuna ujanja mmoja lazima niuseme. Gari nyingi za sasa zina kitufe cha spoti. Ukikifinya, usukani unakuwa mzito, na msee anasema, sai naskia barabara. Omera, huskii barabara. Unaskia mota imepunguza usaidizi. Uzito unabaki uleule tairi ikiwa imeshika, uzito uleule tairi ikianza kuachia. Ni kama mtu anakupigia kelele zaidi bila kukuambia kitu kipya.

Hisia ni mabadiliko. Uzito unapanda ukiingia kona, unashuka kidogo ukipita kwa kokoto, unatetemeka kwa lami iliyomenyeka, unakuwa mwepesi kwa maji. Ukitaka kupima usukani, usiulize ni mzito ama ni mwepesi. Uliza kama unabadilika barabara ikibadilika. Basi.

Hisia iliyotengenezwa

Na inakuja hatua nyingine. Kuna gari ambazo usukani umeunganishwa na magurudumu kwa waya tu. Nissan waliiweka kwa Skyline ya V37 mwaka 2013, ile nje ya Japani inaitwa Infiniti Q50, ingawa waliacha chuma cha dharura endapo stima itakataa. Tesla Cybertruck ya 2023 ina hiyo mambo ya waya. Hapo kile unaskia mikononi si kile kiko chini. Ni mota ndogo inayoigiza kile kompyuta imeamua uskie.

Kama umewahi kucheza Gran Turismo na ule usukani wa kuchomeka kwa PlayStation, unajua hiyo kitu. Kuna mota ndani inavuta mikono yako na inaleta raha sana, nakubali. Lakini kwa PlayStation ukitoka nje ya barabara unabonyeza kitufe unaanza tena. Kwa kona za Riat hakuna kitufe.

Kwa nini hii ni stori ya Kisumu

Mtu atasema, msee, hayo ni mambo ya matajiri wa Ujerumani, sisi tuna shida zetu. Mimi nasema sisi ndio tunahitaji hisia kuliko wao.

Angalia barabara zetu. Ukitoka Mamboleo ukipanda Riat kuelekea Kiboswa, una kona, una mteremko mkali ukirudi, una malori yanayopanda kwa gia ya kwanza, na una ziwa upande mmoja linakuvuta macho. Mvua ya alasiri ikitoka ziwani, lami inabadilika kwa dakika tano. Chini kule Kano, kuanzia Nyamasaria mpaka Ahero, matrekta na magari hutoka mashambani na udongo mweusi kwa magurudumu, yanauacha kwa lami, na mvua ya kwanza ikiunyeshea unakuwa sabuni. Ukielekea Chemelil na Muhoroni, trela za miwa zinaangusha miwa barabarani, na zile zilizokanyagwa zinabaki nyuzi na maji. Kisian ukikata kushoto kuelekea Bondo, unapata lami nzuri halafu mchanga kwa kona, halafu ng'ombe, halafu lami nzuri tena.

Hakuna ramani ya hayo mambo. Hakuna skrini itakuambia leo kuna udongo mbele ya daraja. Macho yataona mengine, lakini usiku kwa mvua macho huona kidogo sana. Kitu cha kwanza kugusa huo udongo ni tairi ya mbele, na tairi ya mbele ina njia moja tu ya kukuambia haraka. Usukani.

Sasa chukua kijana wa miaka ishirini na tatu. Amepewa gari ya farasi 300 yenye usukani bubu. Kwa 60 inahisi sawa. Kwa 100 inahisi sawa. Kwa 140 bado inahisi sawa, juu kabati limetulia, kelele imezibwa, usukani haujabadilika hata kidogo. Kila kitu kwa hiyo gari kinamwambia uko sawa, endelea. Halafu kona inayofuata ina udongo. Tairi inaachia, na hiyo ndiyo habari ya kwanza anapata. Kila mmoja wetu anajua jina la mtu alienda hivyo. Tulivaa fulana zenye picha yake, tukaimba, tukarudi mjini. Halafu wiki iliyofuata tukaendelea kuongea kuhusu turbo.

Sisemi usukani bubu ndio uliua watu wetu. Spidi huua, pombe huua, kulipita lori kwa kona huua. Sheria ya 50 mjini haikuwekwa kwa ubaya. Ninachosema ni kwamba gari isiyoongea inamfanya mtu asijue yuko karibu kiasi gani na ukingo, na mtu asiyejua hawezi kuogopa kwa wakati unaofaa.

Wanaosema kompyuta itakuokoa

Hoja kali zaidi dhidi yangu ni hii: gari za sasa zina mfumo wa kuzuia kuteleza, kwa Subaru unaitwa VDC. Gari ikianza kwenda kombo, kompyuta inashika breki ya gurudumu moja moja na kukunyoosha. Kwa hivyo hisia za nini?

Huo mfumo ni mzuri. Usiuzime ili uonekane mkali mbele ya marafiki. Lakini angalia unafanya kazi lini: unaingia wakati tairi imeshaanza kuteleza. Usukani unaoongea unaingia kabla. Na kompyuta haina uwezo wa kutengeneza mshiko ambao haupo. Kama tairi zako zimeisha meno na uko kwa maji, itashika breki ya gurudumu ambalo halijashika kitu. Mimi nataka vyote viwili. Nataka kuambiwa mapema, na nataka mtu wa kunishika nikiwa sikusikia.

Kuna wengine wanasema hisia ndiyo itafanya vijana wakimbize zaidi. Nimeona kinyume. Kwa gari inayoongea, 80 inahisi kama 80. Unaskia kazi ambayo tairi zinafanya. Raha inakuja mapema, hata kwa mwendo wa kawaida, na huhitaji kutafuta 160 ndio uskie kitu.

Halafu kuna wale watanitajia Safari Rally. Sawa, twende huko. Subaru ilishinda Safari 1997 na Colin McRae, ikashinda tena 2000 na Richard Burns, na hapo ndipo mapenzi yetu mengi yalipozaliwa. Tangu Safari irudi kwa mashindano ya dunia kule Naivasha 2021, Toyota ilishinda kila mwaka mpaka 2025. Gari zake za Rally1 zinabeba jina la GR Yaris. GR Yaris ya dukani ina usukani wa stima. Ile ya Naivasha ina usukani wa mafuta. Sisemi ni hisia peke yake iliyowafanya wachague hivyo. Lakini ukisikia mtu anasema mafuta ni teknolojia ya mababu, muulize hao washindi wanatumia nini.

Mlango unafungwa

Sasa kitu kinachonifanya niandike hii leo badala ya mwaka ujao. Kenya haturuhusu gari ya mtumba yenye zaidi ya miaka minane kuingia. Ni sheria ya viwango, KS 1515 ya mwaka 2000, na KEBS ndio wasimamizi. Gari zilizosajiliwa mara ya kwanza 2017 zilifungiwa mlango mwisho wa 2024. Za 2018 zilifuata mwisho wa 2025. Hesabu mwenyewe: za 2019 zinafungiwa mwisho wa 2026. Na nimeshawaambia Japani waliacha kuuza ile STI ya mafuta lini.

Maana yake ni kwamba gari za spoti zenye usukani wa mafuta ambazo kijana wa kawaida Kenya atawahi kuzigusa, karibu zote ziko hapa tayari. Ni zile Impreza za zamani, zile Forester za kizazi cha pili, Legacy zilizopita mikono minne. Hazitaongezeka. Na sisi tunazifanyia nini?

Tunakata springi ndio ikae chini, kwa hivyo gari inaruka matuta badala ya kuyafuata. Tunaweka rimu kubwa zinazotoka nje ya mwili, kwa hivyo kila shimo linapiga usukani na ujumbe wa kweli unapotea kwa kelele. Tunanunua tairi za bei ya chini kabisa, ngumu kama mbao, halafu tunajaza upepo kwa macho. Raki inalia miezi sita, tunaongeza mafuta kila wiki badala ya kubadilisha sili. Bushi zimekufa, tairodi zinacheza, alaimenti haijafanywa tangu gari itoke Mombasa. Halafu laki moja inaenda kwa ekzosi.

Hapo hatuwezi kulaumu Wajapani. Tulipewa gari yenye mdomo, tukaiziba wenyewe.

Kwa hivyo ufanye nini

Kama una gari, ama mzee wako ana gari, ama unaweka akiba ya kununua, fanya haya kabla ya kuongea kuhusu nguvu.

Tairi kwanza. Hizo viganja vinne ndivyo vitu pekee vinavyogusa barabara. Afadhali tairi nzuri kwa rimu ya kawaida kuliko tairi mbovu kwa rimu ya kupiga picha.

Upepo wa pili. Namba sahihi imeandikwa kwa kibandiko, mara nyingi kwa fremu ya mlango wa dereva. Ipime asubuhi tairi zikiwa baridi. Upepo ukizidi, gari inadunda. Ukipungua, usukani unakuwa kama uji.

Tatu, mwambie fundi ainue gari mbele, atingize magurudumu. Kama kuna mchezo kwa tairodi ama boljointi, hapo ndipo hisia yako inaishia. Baada ya kubadilisha, alaimenti. Usiruke hiyo.

Nne, kama ni ya mafuta, fungua boneti uangalie kopo la pawa. Mafuta yakiwa meusi na yananuka kuungua, yabadilishwe kwa aina iliyoandikwa kwa kitabu cha gari ama kwa kifuniko. Ni kati ya kazi za bei rahisi zaidi kwa gereji.

Na siku ya kununua, ukipelekwa kujaribu gari, muombe muuzaji azime redio. Usikanyage. Enda kwa 40 kwa barabara tupu, lami ya kawaida. Shika usukani bila kuukaba. Pita kwa ile mistari ya rangi ya katikati, pita mahali lami imemenyeka, ingia kona moja polepole. Uskie kama kuna kitu kinabadilika vidoleni. Muuzaji atakuambia gari ina farasi 300 na sauti ya kutisha. Mwache aongee. Wewe sikiza mikono.

Kama ni gari ya stima na inakujibu, chukua, sina neno. Kama ni ya mafuta na imenyamaza, mwambie akuonyeshe bushi. Na kama mikono yako haijaambiwa kitu chochote kutoka mwanzo mpaka mwisho, kumbuka ni wewe utakuwa kwa hiyo gari usiku, mvua ikitoka ziwani, ukishuka Riat na watu wako watatu kwa viti vya nyuma.